Bili Usiyoijua: Mwongozo Kamili wa Kwenda Kutibiwa Mapema, kwa Sisi Watu wa Lamu

Ami yangu alikanyaga msumari gatini, msimu wa kusi, siku ambazo boti nyingi zilikuwa zimefungwa. Akaosha kidonda kwa maji ya bahari, akafunga kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Ana sukari, na anajua ana sukari. Wiki ya pili mguu umevimba na unatoa harufu, na kila tukimwambia twende hospitali jibu lake ni moja: "Mkifika mkiambiwa elfu hamsini, mtazitoa wapi?" Hakuna mtu aliyemtajia elfu hamsini. Alizitunga mwenyewe kitandani, akazilalia na kuziamkia, mpaka zikawa kweli kwake. Siku tuliyomvusha alikuwa na homa kali, na vidole viwili havikuokoka.

Alipotoka nilikaa na risiti zote nikazipanga barazani. Kuosha kidonda, dawa ya wiki ya kwanza, kupima sukari: hizo zilikuwa pesa ambazo angezipata kwa mavuno ya siku moja nzuri baharini. Kilichotumaliza ni siku nyingi za kulazwa, upasuaji, na nauli zetu sisi wanne tuliokuwa tukienda na kurudi na chakula mkononi. Yaani bili aliyoiogopa aliijenga mwenyewe kwa kungoja.

Simlaumu. Huku kwetu mtu huenda kutibiwa malaria akarudi na deni la miezi mitatu, na jirani yake akatibiwa maradhi hayo hayo bure. Bei isiyo na sura huogofya kuliko bei kubwa unayoijua. Kwa hiyo mwongozo huu unakusudia jambo moja: kukusaidia uijue bei, au angalau vipande vyake, kabla maumivu hayajakuamulia. Nauandika kwa watu wa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, kwa watu wa kisiwa cha Pate na wa bara yetu, lakini walio Malindi nao wataona mengi yanawahusu, isipokuwa habari za boti.

Hatua ya 1: Zijue dalili zisizongoja hesabu

Hii inatangulia kwa sababu hapa hakuna kuuliza bei kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikalitilia nguvu, ikafanya kuwa kosa kwa kituo chenye uwezo wa kutibu dharura kukataa kuitibu. Elewa vizuri: haisemi ni bure. Inasema mgonjwa ahudumiwe, hali yake itulizwe, apangiwe rufaa ikibidi, na habari ya pesa ije baadaye. Ukisimamishwa dirishani na mgonjwa anayekata roho, yaseme maneno haya kwa utulivu: "Hii ni dharura, sheria inataka ahudumiwe kwanza." Mara nyingi yatosha.

Dharura ni zipi? Kwa mtu mzima: kifua kubana na jasho jembamba, kushindwa kupumua, uso kupinda upande mmoja na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla, kupoteza fahamu, damu isiyokatika, kuumwa na nyoka. Kwa mja mzito: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mdogo: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila anachopewa, degedege, au amelegea haamshiki.

Naongeza moja kwa ajili ya ami yangu. Mwenye sukari akipata kidonda cha mguu, hata kidogo, aende siku hiyo hiyo. Asiseme "hakiumi". Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu, kwa hivyo kutouma ndiko kunakotisha.

Kwa walio visiwani dharura ina swali lake la ziada: chombo. Andika leo nambari za manahodha wawili wanaokubali kutoka usiku, na uwaulize mapema mafuta huwa kiasi gani mpaka hospitali iliyo karibu. Wa Pate wanajua kwamba kupita mlango wa bahari wa Mkanda hutegemea kujaa na kutoka kwa maji. Maji yakitoka, safari hurefuka na mafuta huongezeka. Muulize pia muuguzi wa zahanati yenu kama kaunti ina boti ya wagonjwa inayofika kwenu na nani hulipa mafuta yake. Swali hilo ni jepesi ukiliuliza saa nne asubuhi ukiwa mzima. Saa nane za usiku halina jibu. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini hupokea simu za dharura kwa 1199.

Hatua ya 2: Anzia chini, mlangoni pako

Kosa ninaloliona sana ni mtu mwenye homa ya siku mbili kuvuka moja kwa moja kwenda hospitali kubwa kwa kuwa "huko ndiko kuna madaktari". Huko ndiko bili huanza kuhesabu: faili, kumwona daktari, maabara, dawa. Vituo vya umma vya Kenya vimepangwa kwa ngazi. Ya kwanza ni ya mtaani. Ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya. Kuanzia ya nne ni hospitali zenyewe, mpaka ya sita zilizo za kitaifa. Ada za zahanati na vituo vya afya vya serikali ziliondolewa Juni 2013, na tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ianze, ngazi hizo hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Wewe unachotakiwa ni kuwa umejiandikisha, hata kama hujachanga shilingi.

Hesabu yake ni hii: homa ile ile ikitibiwa zahanati hukutoa jasho la kutembea tu, na ikitibiwa kwa mlango wa wagonjwa wa nje wa hospitali kubwa unaweza kulipa kila kipande mfukoni, hata ukiwa na SHA iliyolipwa. Wengi hawalijui hili, na ndipo husikia "SHA haifanyi kazi". Inafanya kazi, ila kwa mlango wake.

Kuna huduma ambazo katika vituo vya serikali hazikuwa za kulipiwa hata kabla ya SHA: chanjo za watoto, matibabu ya kifua kikuu, dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili usikae nyumbani kwa hofu ya pesa.

Na ngazi ya kwanza, ile ya mtaani, usiidharau. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na kipimajoto. Wa mtaa wako ni mtu unayemjua. Huenda ni yule dada anayeuza mahamri asubuhi. Mwite apime presha ya mamako. Yeye pia ndiye anayejua zahanati ina dawa au imeishiwa, na muuguzi yupo au ameenda semina.

Nisikufiche: dawa huisha. Utafika zahanati, utapimwa bure, utaandikiwa karatasi ukanunue duka la dawa. Hata hivyo umeokoa kumwona mtaalamu na kupimwa, na sasa unajua jina la ugonjwa. Bila shaka ni bora kuliko kununua vidonge vya kubahatisha.

Hatua ya 3: Jiandikishe SHA, kisha ulipe wakati wa kaskazi

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kadi ya zamani ya NHIF haina kazi. Hata aliyechanga miaka ishirini ilibidi ajiandikishe upya. Bado nawakuta wazee wanaoitunza ndani ya kanga wakidhani itawafaa.

Kujiandikisha ni bure. Piga *147# kwenye simu yako, au ingia tovuti ya Afya Yangu, au nenda Huduma Centre, au mwombe karani wa zahanati akusaidie. Beba kitambulisho. Kisha ongeza watu wako: mke au mume, na watoto mmoja mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama. Baba amejiandikisha, amelipa, siku mtoto anaumwa mfumo haumjui mtoto. Maliza kazi hii ungali na utulivu, na mtoto akizaliwa mwongeze mapema.

Baada ya hapo utaulizwa maswali kuhusu nyumba yako: imeezekwa kwa nini, maji mnapata wapi, umeme mnao. Jibu kweli. Majibu hayo ndiyo yanayotoa kiwango chako cha mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka, kwa kaya nzima. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Ukiona ulichopewa hakifanani na hali yako, usiseme "basi". Rudi ofisi yao ukaulize.

Tatizo ni kwamba asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mvuvi, kwa fundi wa makuti, kwa mwenye punda wa kubeba mchanga, 3,600 kwa siku moja ni mzigo. Ushauri wangu ni kulipa kwa majira. Pesa zetu huja na kaskazi: bahari imetulia, samaki wapo, wageni wapo, harusi zipo. Kusi ikivuma, mifuko hunyauka. Basi weka malipo yako ya SHA Disemba au Januari, kabla pesa ya msimu haijaenda kwenye simu mpya. Ukingoja kulipa ukiwa mgonjwa mwezi wa Juni, utakuwa unatafuta 3,600 wakati hata za sima ni shida.

Njia nyingine ni mchezo, yaani kuchangishana na kupokea kwa zamu. Mnacheza mchezo wa vyombo, wa mashuka, wa Idi. Ongezeni wa SHA. Mtu akiweka 100 kila Ijumaa, kwa mwaka ana 5,200. Atoe 3,600 za SHA, zinabaki 1,600 za nauli na dawa. Kwa kundi la watu kumi ni 1,000 kila wiki, kwa hiyo ndani ya wiki nne mmoja wenu amelipiwa mwaka mzima na kuna chenji. Aanze mwenye mimba au mwenye mgonjwa nyumbani, wala msipige kura.

Serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025 ili mtu alipe kidogo kidogo. Fahamu kwamba ni mkopo: unalipiwa mwaka, wewe unarudisha polepole. Uliza ziada yake kabla hujakubali, hasa wewe unayejiepusha na riba. Na mwaka huo huo ulianza mpango wa serikali kuwalipia watu wasiojiweza kabisa. Kama una jirani mjane, mzee wa peke yake au mlemavu asiye na msaada, mpeleke kwa chifu na kwa mhamasishaji wa afya ukaulize kama jina lake limo.

Ukishalipa, SHA inakulindia nini? Kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafisha figo na mengineyo kwa viwango vilivyowekwa. Kwa viwango vilivyotolewa ilipoanza, kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000, na kusafisha figo 10,650 kila mara. Nambari hizi ndizo SHA inazoilipa hospitali. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Hapo ndipo bili za kushtukiza zinapozaliwa, nami nitakuonyesha namna ya kuzizuia.

Hatua ya 4: Ivunje bili vipande

Chukua daftari. Usiandike "hospitali". Andika vipande sita, kila kimoja mstari wake: usafiri, faili na kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda, na anayemhudumia mgonjwa. Kila mstari una mtu wa kumuuliza. Usafiri, muulize nahodha. Faili na vipimo, ubao wa hospitali. Dawa, duka la dawa. Kitanda, SHA.

Mstari wa sita husahaulika, na kwa watu wa visiwani ndio unaotafuna polepole. Mgonjwa akilazwa Amu na nyinyi mko Kizingitini, kule Pate, kuna anayelala naye, kuna anayeleta chakula, kuna wanaokuja kumzuru kwa wingi kwa kuwa ndiyo mila yetu, na ni mila nzuri. Lakini kaeni kikao cha dakika kumi: mmoja abaki, wengine wapige simu, na nauli ya watu watatu waliobaki nyumbani iwekwe kwenye dawa. Sisi hatukufanya hivyo kwa ami. Tulienda sote kila siku kwa mapenzi, na mapenzi yale yalikula dawa ya wiki mbili.

Ukishajaza, zungushia duara mstari mmoja tu usioujua kabisa. Hofu yako yote imo humo. Mara nyingi ni vipimo.

Hatua ya 5: Uliza bei, wala usione haya

Sisi watu wa pwani tuna haya ya kuuliza bei ya matibabu. Mtu anayeweza kupigania shilingi kumi ya changu sokoni husimama mbele ya dirisha la hospitali kama bubu. Anaona akiuliza ataonekana maskini, au daktari atamtibu vibaya. Kuuliza si ujinga, na kwa jambo hili ni haki yako. Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazomhusu, na kifungu hicho kinazigusa ofisi za umma sawa na biashara za watu binafsi.

Anza na ukuta. Kila kituo cha umma kinapaswa kuwa na ubao wa mkataba wa huduma mahali pa kuonekana: huduma, mahitaji, gharama, muda. Piga picha ubao huo kwa simu siku unayopita bila ugonjwa, uitume kwenye kundi la familia. Hiyo picha moja imeondoa hofu nyumbani kwetu kuliko nasaha zote nilizotoa.

Kwa hospitali au kliniki ya binafsi, piga simu kabla. Useme hivi:

"Asalaam aleikum, nataka kujua kumwona daktari ni pesa ngapi, na kama faili ni mbali au ni pamoja."

"Mna mkataba na SHA? Kwa wagonjwa wa nje, au kwa kulazwa tu?"

"Kwa huduma hii, SHA ikishalipa, mimi naongeza ngapi?"

"Kuna amana ya kulaza mgonjwa? Kiasi gani?"

Swali la tatu ndilo mkuki wako. Usikubali jibu la "itategemea". Jibu upole: "Naelewa inategemea. Kwa kawaida huanzia ngapi mpaka ngapi?" Hakuna karani asiyejua huanzia ngapi. Andika jibu, jina la aliyejibu na tarehe.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani

Mwambie daktari hali yako ya pesa mwanzoni, kabla hajashika kalamu. Hili hunipatia ugomvi na ndugu zangu wanaoona ni kujidhalilisha, lakini nimeona linavyobadilisha mambo. "Daktari, nina elfu mbili leo. Tuanze na lipi la lazima?" Daktari mzuri atapanga: kipimo hiki leo, kile kingoje, hiki zahanati wanacho bure. Ukinyamaza ataandika vitano, wewe utalipa viwili kwa kubahatisha, na huenda kilichoachwa ndicho kilichokuwa na jibu.

Kwa kila kipimo uliza, "Kikitoka hivi au vile, dawa itabadilika?" Kama haibadiliki, uliza kama kinaweza kungoja. Kwa dawa, omba iandikwe kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Metformin ni metformin, amlodipine ni amlodipine. Kiini ni kile kile, na za majina makubwa huzidi bei kwa mbali. Ukiwa huna za mwezi mzima, nunua za wiki mbili kisha urudi, lakini usikate dozi ya antibiotiki ukiona umepata nafuu. Na usinywe dawa ya presha kidonge kimoja siku moja, siku ya pili uruke, ili kivumilie. Wengi hufanya hivyo na kiharusi kikawakuta.

Lipa kwa nambari rasmi ya kituo au dirishani tu, na uchukue risiti. Anayekuambia utume kwenye nambari yake ya simu ili "akuharakishie" anakuibia, na mfumo hautakuonyesha umelipa.

Ukilazwa, usingoje siku ya kutoka. Kila siku ya pili, mtu wenu mmoja aende ofisi ya malipo aulize, "Mpaka leo imefika ngapi, na SHA imekubali ngapi?" Baadhi ya huduma zinahitaji kibali cha SHA kabla hazijafanywa, hakikisha kimeombwa mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Bili unayoiona ikikua kila siku mbili haiwezi kukurukia.

Hatua ya 7: Rufaa ya Mombasa

Hili ndilo neno linalovunja watu miguu: "Anahitaji kupelekwa Mombasa." Wengine hapo ndipo hurudisha mgonjwa nyumbani. Tulia, uliza manne. Je, ni dharura au ni miadi? Kama ni miadi, tarehe gani, na simu ya kliniki inayompokea ni ipi? Je, kuna siku mtaalamu huyo huja Amu, Mpeketoni au Malindi? Je, ni vipimo gani vinaweza kufanywa hapa kabla ya kwenda?

Kisha usitoke bila karatasi ya rufaa na nakala za majibu yote: damu, eksirei, picha, orodha ya dawa. Anayefika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, mikono mitupu hupimwa upya tangu mwanzo, na kila kipimo kina bei. Mara ya kwanza niliyosindikiza mgonjwa wangu tuliacha picha ya eksirei mezani nyumbani. Tuliilipia mara ya pili, na siku ya pili ya malazi juu yake.

Malazi yenyewe: karibu kila ukoo wa Lamu una mtu Mombasa, Old Town au Kisauni. Piga simu kabla. Usione haya. Nao wana haki ya kupata thawabu.

Hatua ya 8: Bili ikishinda

Umefanya yote na bado bili imekushinda. Usitoroke usiku. Usimwache mgonjwa. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye watu humwita soshowoka. Hospitali kubwa za umma zinaye, na kazi yake mojawapo ni kuchunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza asamehewe bili, yote au sehemu. Nenda mapema, mgonjwa angali kitandani, ukiwa na kitambulisho, barua ya chifu au mzee wa mtaa, na maelezo ya kweli ya unachopata kwa mwezi. Uliza kamati hukaa siku gani.

Kwenye hospitali ya binafsi, omba bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Isome. Nimeona glavu zilizohesabiwa mara mbili na dawa ambayo mgonjwa hakuinywa. Ukimaliza, omba makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Na wakikuambia mgonjwa hatoki mpaka mlipe? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili hospitalini kwa ajili ya bili za kujifungua kulivunja haki zao za Kikatiba. Deni hubaki kuwa deni, na hospitali ina njia za kisheria za kulidai. Mwili wa mtu si rehani. Sema hivyo kwa adabu kwa msimamizi, na kama bado mnakwama, mwone mwakilishi wadi wenu.

Kuna na mlango wa msikiti. Miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka wamo mafukara na wamo wenye madeni. Kamati ya msikiti ikiletewa bili yenye mchanganuo na barua ya hospitali hutoa kwa moyo mweupe kuliko ikiletewa hadithi. Mchango wa kundi la simu vivyo hivyo: weka picha ya bili, taja kiasi kilichobaki, taja mpokeaji mmoja, na siku ya mwisho rudisha hesabu.

Hatua ya 9: Mzee anayeficha ugonjwa

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee wetu wanaijua methali hii na bado wanaficha, kwa sababu hawataki kuwa mzigo. Usimwambie bibi yako "tuna pesa, usijali". Hatakuamini, maana anaona sufuria. Mwonyeshe daftari. Mwambie: "Bibi, nauli ni kadhaa, zahanati hatulipi, dawa nimeuliza ni kadhaa, na pesa hizi hapa." Nimemwona bibi mmoja mtaani kwetu aliyekataa miezi minne kwenda kuangaliwa jicho akainuka na kuvaa buibui baada ya kusomewa mistari mitatu.

Na ukimuuliza kuhusu maumivu, usiulize mbele ya watu. Muulize akiwa anasuka ukili au anachambua mchele, macho yenu yakiwa kwenye kazi.

Mfuko wa nyuma ya mlango

Tafuta mfuko wa plastiki wenye zipu, usioingia maji ya boti. Tia nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, nambari za SHA za kila mmoja, kitabu cha kliniki, orodha ya dawa na mzio, majibu ya vipimo vya zamani, nambari za manahodha wawili, nambari ya mhamasishaji wa afya, daftari la mistari sita, na nauli ya kwenda iliyofungwa kwa mpira, isiyoguswa hata sukari ikiisha nyumbani. Utundike nyuma ya mlango, na hata watoto wajue ulipo.

Wa ami yangu umetundikwa karibu na kalenda ya saa za swala. Kila mwezi mhamasishaji hupita kumpima sukari, naye huandika nambari kwa mkono wake mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kaskazi iliyopita alikatwa na gamba la chaza kwenye kisigino cha ule ule mguu. Kabla ya Asri alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati na mfuko mapajani. Alisafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa. Alicholipa siku hiyo ni nauli ya kurudi.